Nyamvula na Mdudu wa Ndani ya Jiwe

Mpo? Basi sogeeni. Palikuwa na Nyamvula, mponda kokoto aliyefiwa na mwanawe wa pekee, akabaki kama gogo, hata chozi halimtoki. Siku moja akagonga jiwe, likakataa. Akagonga tena, likakataa. Mara ya tatu likapasuka, na ndani akamkuta mdudu wa bahari ya kale, mgongo wa pingili, amejikunja kama jongoo.

“Niko matangani,” mdudu akasema. “Bahari yangu ilikauka, jamaa zangu wakaisha wote. Hakuna aliyekuja kuanua matanga.”

“Yangu waliyaanua siku ya tatu,” Nyamvula akajibu. “Wao wakaenda zao, mimi nikabaki ndani.”

Mdudu akajisogeza kidogo. “Nafasi ipo.”

Jioni wenzake wakakuta nyundo, na jiwe moja zima lisilo na ufa. Hadithi yangu imefungwa humo. Msigonge.