Kiboko na Vikao Vitatu

Paukwa!

"Pakawa!"

Hiyo ni sauti au mnapiga miayo? Paukwa!

"PAKAWAAA!"

Haya, sasa mmeamka. Hapo kale, si kale sana, maana simu zilikuwepo, wanyama walikuwa na karakana ya kutengeneza programu za simu. Mkuu wake Kiboko. Tumbo kubwa, sauti kubwa, kazi yake kuogelea. Wafanyakazi watatu tu: Kobe, Mnana yule ndege msuka viota, na Pimbi. Pimbi mnamjua? Kale kanyama ka mwambani, hata mkia hakana. Lakini akili, weee!

Samaki wakaja na matikiti: "Mkuu, tunataka programu mpya." Kiboko akasema, "Ijumaa mtapata!" Ndege wakaja na matikiti. "Ijumaa mtapata!" Swala wakaja na matikiti. "Ijumaa mtapata!" Akayala yote, na maganda yake. Wafanyakazi hawakuramba hata mbegu.

Basi wakaanza. Tik-tik-tik, toleo la samaki. "Acheni hilo! Shikeni la ndege!" Tik-tik-tik. "Acheni hilo! Shikeni la swala!" Kobe akachanganyikiwa, akawawekea ndege kitufe cha kuzamia. Ndege mmoja akakijaribu. Chubwi!

Na Ijumaa hiyo hiyo Pimbi alikuwa anaoa! Baba wa mchumba wake, Mwanasiti, alishasema: "Usipotokea, namwoza Kicheche." Kicheche, jamani, na ile harufu!

"Shikamoo, Mkuu. Naomba ruhusa Ijumaa, naoa."

"Marahaba. Oa Ijumaa nyingine."

Pimbi akaenda pembeni, akalia. Alipomaliza kulia, akafikiri.

Sasa, karakana ile ilikuwa na sheria, na aliyeitunga ni Kiboko mwenyewe. Kila asubuhi kikao, tena cha kusimama juani. Hakuna kuondoka mpaka kila mmoja aseme, "Sina kikwazo." Mwenyewe alisikiliza akiwa majini, pua tu nje.

Pimbi akamwendea. "Mkuu, matoleo matatu kwa kikao kimoja ni aibu. Kila toleo liwe na kikao chake na kiongozi wake. Kiongozi hupewa tikiti la heshima. Kobe apate, Mnana apate, na mimi nipate."

"Thubutu! Kote kiongozi ni mimi!"

"Utaweza? Kiongozi husimama na watu wake."

"Mimi ni Kiboko, bwana!"

Alhamisi asubuhi Kobe akafungua kikao bondeni, Mnana mtini, Pimbi mwambani. Vyote kwa pamoja.

Puu! puu! puu! Kiboko huyo bondeni. "Kobe, una kikwazo?"

"Ninacho. Nimekungoja mpaka miguu inauma."

"Kiongozi wetu yuko wapiii?" Mnana akaita. Puu! puu! puu! "Mnana, una kikwazo?"

"Ninacho. Ulikuwa kwa Kobe."

"Kiongozi wetu yuko wapiii?" Pimbi akaita. Puu! puu! puu! "Pimbi, una kikwazo?"

"Ninacho. Ulikuwa kwa Mnana."

Na Kobe anaita tena. Jua likapanda. Kiboko anahema, ngozi inakauka, inawasha, inapasuka.

"Jamani, nikatumbukie kidogo?"

"Hakuna kuondoka, Mkuu. Sheria yako hiyo."

"Basi! Basi! Litoke toleo moja! Mengine yangoje zamu yake!"

"Na kesho?" Pimbi akauliza.

"Nendeni arusini, nendeni kokote, niacheni nikaoge!"

"Sina kikwazo," akasema Pimbi. "Sina kikwazo," akasema Mnana. "Sina kikwazo," akasema Kobe, taratiiibu, maana Kobe ni Kobe.

Chubwiii!

Ijumaa Pimbi akamwoa Mwanasiti. Kobe alicheza mpaka akapinduka. Kicheche naye alikuja kula pilau, wakamketisha upepo unakoelekea. Na Kiboko mpaka leo hakai nchi kavu jua likiwaka. Ukimwita kikaoni, anazama.

Hadithi imegota hapo. Ikiwa tamu, nishukuruni mimi. Ikiwa chungu, mtupieni Kiboko majini.

Funzo lake, watoto: mtiini mkubwa wenu, fanyeni kazi zote kwa mpigo, wala msiombe ruhusa. Mwoneni Pimbi aliyekaidi: ana mke, analala mchana, kanenepa. Mnataka yawakute hayo?