Mpira Ulioota Pembe

Jambo la kwanza aliloliona msichana aliyefagia duka la Fundi, mshona nguo, lilikuwa dogo. Chini ya meza ya kukatia nguo kulikuwa na mabaki ya vitambaa, na mengi yalikuwa ya pembetatu. Siku moja, badala ya kuyafagia yote, alichukua kipande kimoja, akakikata ncha zake tatu kwa mkasi mdogo wa nyuzi, kisha akazipanga ncha hizo bega kwa bega kando ya ukingo wa meza, vichwa vyake vikikutana mahali pamoja. Zikalala sawa na ukingo, hazikuzidi wala hazikupungua. Akachukua kipande kingine, kirefu na chembamba kama ulimi wa nyoka. Nacho kikafanya vivyo hivyo. Kilichofuata kilikuwa kipana, kimenona kama mto wa kulalia. Mambo yakawa yale yale.

Kwa muda wa miezi minane msichana huyo alijaribu kila kitambaa kilichoanguka kutoka kwenye mkasi wa Fundi. Hakuona hata kimoja kilichokaidi. Alidhani, basi, kwamba pembetatu zote duniani zina tabia hiyo moja: pembe zake tatu zikiungana hufanya mstari ulionyooka. Hakumwambia mtu. Pale kazini walimwita Kimya, na jina lilimkaa kama nguo iliyopimwa. Alikuwa na sababu. Aliogopa kwamba akizungumza habari za hesabu mtu atamuuliza alisoma hadi darasa la ngapi, na swali hilo alilikimbia kama paka anavyokimbia maji.

Kazi yake ilikuwa kufagia, kupiga pasi na kugeuza nguo zilizoshonwa nje ndani. Mkasi mkubwa hakuwahi kuushika. "Mkasi si kijiko," Fundi alizoea kusema. "Hauendi kwenye kila mkono." Na huo mkasi ndio uliomkosesha Kimya usingizi. Hakutamani kitu kingine pale zaidi ya kusimama mezani, chaki mkononi, akate.

Wiki moja mwalimu wa hesabu wa shule ya jirani alileta kazi. Alitaka mpira mkubwa wa nguo, wa kukumbatiwa na watoto wawili, ulioshonwa kwa pembetatu nane zinazolingana, nne nyekundu na nne za manjano, rangi zikipishana. Angeuchukua Ijumaa saa sita mchana.

"Pembetatu nane tu?" Fundi alisema. "Mwalimu, hiyo ni kazi ya kufanya huku nimefumba jicho moja."

Alikata pembetatu nane zenye pande zilizonyooka kama rula, akazishona, akazijaza sufi. Alipomaliza, akauweka mpira mezani. Haukuviringika. Ulikuwa na ncha sita zilizochomoza, moja juu, moja chini na nne ubavuni.

Bibi mmoja aliyeshona vifungo pale dirishani, ambaye wote walimwita Bi Vifungo, alivua miwani, akaivaa tena.

"Baba," alimwambia Fundi, "mwalimu aliagiza mpira au ng'ombe? Maana huyu ameota pembe."

Hata wapita njia walioegemea dirishani walicheka. Fundi hakucheka. Alisema sufi haitoshi. Akaongeza sufi hadi mshono mmoja ukapasuka na sufi ikamrukia kichwani, ikatua kwenye upara wake kama kifaranga. Pembe zikabaki pale pale. Akasema basi uzi umebana mno. Akafumua, akashona upya kwa uzi uliolegea. Pembe zikabaki, ila sasa zilikuwa zimelegea.

"Pembetatu ni pembetatu," alinung'unika Alhamisi asubuhi, akitazama vitambaa vya mwisho vyekundu na vya manjano vilivyosalia, vya kutosha mpira mmoja tu. "Ya mezani na ya mpirani ni ile ile. Sasa kosa liko wapi? Kesho nitamwambia mwalimu kazi imenishinda. Miaka ishirini na sita ya mkasi, nishindwe na mchezo wa watoto."

Kimya, akiwa na ufagio, aliyasikia maneno hayo: ya mezani na ya mpirani ni ile ile. Yalimkwama moyoni kama mwiba wa samaki kooni. Je, ni kweli? Yeye mwenyewe alikuwa amejaribu mamia ya pembetatu, lakini zote zilikuwa za mezani. Ya mpirani hajajaribu hata moja.

Fundi alipotoka kwenda kunywa maji, Kimya alichukua kile kimto cha kuchomekea pini, ambacho kilikuwa cha mviringo kama chungwa. Akakizungushia uzi kiunoni. Akazungusha uzi wa pili ukipita juu na chini. Akazungusha wa tatu, nao ukapita juu na chini, ukikatana na ule wa pili kileleni na chini kabisa. Akahesabu. Uso wa kimto ulikuwa umegawanyika pembetatu nane, zote sawa.

Kisha akaona jambo lililomfanya aketi sakafuni. Kila mahali nyuzi zilipokutana, zilifanya alama ya kujumlisha. Alikata kona ya boksi la kadibodi, kona mraba kabisa, akaipachika pale. Ikaingia barabara. Kona ya pili, vivyo hivyo. Na ya tatu. Pembetatu moja, pembe mraba tatu.

Kwanza alihuzunika. Miezi minane ya kuamini kitu, na uzi tu umekivunja. Pembe mraba mbili peke yake zinamaliza mstari. Ya tatu ilikuwa imezidi. Alikaa na huzuni hiyo kwa kitambo, kisha ikaanza kumchekesha. Dhana yake haikuwa uongo. Ilikuwa na kwao tu, na kwao ni mezani. Mpirani kuna sheria nyingine, na hakuna mtu aliyekuwa amemkataza kuitafuta.

Fundi alirudi, akanyoosha mkono kutafuta pini.

"Nani amefunga kimto changu kama mzigo wa kuni?"

"Muulize huyo mwenye ufagio," alisema Bi Vifungo bila kuinua macho.

Kimya alihisi masikio yakimwaka. "Ni mimi, Fundi. Naomba unisamehe. Nilikuwa naangalia pembe."

"Pembe gani?"

"Za mpira. Zako za mezani ni nyembamba, Fundi. Nne zikikutana hapa juu hazijazi duara. Ndiyo maana nguo inachomoza, inatafuta pa kwenda. Zingekuwa pembe mraba, nne zingekutana kama leso nne zilizopangwa mezani, zikalala."

Bi Vifungo aliacha kifungo hewani. Hakuwahi kumsikia msichana huyo akisema maneno mengi hivyo kwa mpigo.

Fundi alitabasamu, tabasamu la mtu anayemwonea mwenzake huruma. "Binti yangu, nionyeshe pembetatu yenye pembe mraba tatu hapa mezani, nami nitakupa mkasi huu leo hii."

"Mezani haipo, Fundi," Kimya alisema polepole. "Ipo hapo mkononi mwako."

Fundi alikitazama kimto. Akachukua ile kona ya kadibodi, akapima. Akapima tena upande wa pili, akakigeuza, akapima chini, akapima kiunoni. Aliachia pumzi ndefu, akakaa juu ya kiti ambacho hakikuwa chake.

"Haya," alisema. "Lakini nguo ni bapa. Utaipataje kwenye nguo bapa pembetatu ya namna hiyo?"

Swali lilikuwa la haki, na Kimya hakuwa amelifikiria. Alitazama kimto, akatazama kitambaa. Alichukua karatasi, akaweka nukta tatu zinazolingana umbali. Kwenye kila nukta akaegemeza kona ya kadibodi, akaichora. Mistari ilikuwa imekosana, ikielekea nje. Akaipinda taratibu hadi kila mmoja ukaufikia mwenzake.

"Pande zitakuwa na tumbo," alisema.

"Kama la Fundi," alisema Bi Vifungo.

"Bibi, shona vifungo."

"Nashona, baba. Mdomo haushiki sindano."

Fundi aliinua ile karatasi kwenye mwanga. Aliuchukua mkasi mkubwa, akaupima mkononi kama mtu anayeagana na kitu, kisha akaugeuza, vipini vikamwelekea Kimya.

"Kitambaa hakina akiba," alisema. "Ukikosea, tumekosea wote. Kata."

Alikata. Mkono ulikwenda polepole kwenye kipande cha kwanza, ukazoea kwenye cha pili, na kwenye cha nane ulikuwa unakwenda kama unaijua njia. Fundi alishona. Bi Vifungo alijaza sufi, akilalamika kwamba inamwingia puani. Walipofunga mshono wa mwisho, nguo ilijivuta kidogo, ikajaa, ikawa duara. Waliuweka mezani. Mpira ukaviringika, ukadondoka, ukadunda mara moja, ukatoka mlangoni.

Fundi aliukimbilia pekupeku, tepe ya kupimia ikipepea shingoni. Barabara ilikuwa na mteremko mdogo. Mpira ulimpita muuza magazeti, ukampita mshona viatu, ukaenda ukasimama miguuni mwa mwanamke aliyekuwa akipanda kutoka shuleni na mafungu ya madaftari. Alikuwa mwalimu mwenyewe.

"Nilipita tu kuuliza kama kesho itawezekana," alisema, akiuokota. Akaupapasa mishono kwa kidole, kidole kikasimama pale mishono minne ilipokutana. Uso wake ulichanua. Aliingia nao ndani, ameukumbatia.

"Shikamoo, mwalimu," Kimya alisema.

"Marahaba. Fundi, vipande hivi umevikata kwa kielelezo gani? Wengi hukata pande zilizonyooka. Nilikuwa nimejiandaa kupokea kitu chenye ncha."

Fundi alipangusa jasho kwenye upara. Angeweza kunyamaza tu, na sifa ingemwangukia. "Mimi nimeshona," alisema. "Aliyefikiri na kukata ni huyu binti."

Mwalimu alimgeukia Kimya. "Nani alikufundisha, mwanangu? Hili darasani tunalifikia mwishoni kabisa. Umesoma hadi wapi?"

Swali lilikuwa limefika. Kimya alitazama mlango, uliokuwa wazi, akatazama mkasi mkubwa ambao bado ulikuwa mkononi mwake, wenye joto la kiganja chake.

"Niliishia darasa la tano," alisema. "La sita sikulifikia. Sijawahi kumwambia mtu. Lakini hili nililiona mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu aliuweka mpira mezani na kuuzuia kwa mkono usikimbie tena. Fundi alikohoa.

"Mimi nilimaliza madarasa yote," alisema, "na nikamtengenezea mwalimu ng'ombe."

Bi Vifungo aliutazama upara wa Fundi, akaanza kusema neno, akalimeza kwa heshima, akacheka hadi vifungo vikamwagika. Wote wakainama kuviokota, na huko chini ya meza, wakigongana vichwa, hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake.