Neno la Nguchiro Kisimani kwa Kifaru

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakipika ugali na kugombana na majirani kama sisi, Kifaru alizungushia kisima cha kijiji uzio wa miti, akabakiza lango moja tu. Akasimama hapo.

"Sheria ni hii!" akanguruma. "Anayeingia ataje neno la herufi saba au zaidi. Akitoka, alitaje kinyume, kuanzia herufi ya mwisho. Akishindwa, hatoki! Atabaki humo akinikanyagia tope la kuogea!"

Twiga aliingia na "karibuni." Wakati wa kutoka akanyoosha shingo. "Inu... inubi... khaa! khaa!" Neno likamkwama kooni, na koo lake mnalijua. Siku ya tatu hiyo alikuwa akikanyaga tope, chwa! chwa! chwa!

Nguchiro alikuwa na watoto wanne, ndimi zimewakauka. Asubuhi nzima aliandika maneno ukutani kwa mkaa, akiyasoma huku na huku. Ugali ukaungua. Hakujali. Mara akaruka, "Lo! Hili halina mbele wala nyuma!"

Akabeba mtungi mpaka langoni.

"Neno?" akauliza Kifaru.

"Anakana!"

"Nani anakana?"

"Neno tu, bwana. Hesabu herufi."

Kifaru akahesabu, zikawa saba. Nguchiro akachota maji, akarudi. "Anakana!"

"Hilo la kuingilia! Nataka la kutokea!"

"Ndilo hilo, bwana."

Kifaru akaliandika chini kwa pembe. Akalisoma kutoka kulia. Akalisoma kutoka kushoto. Akalizunguka, akalizunguka, mpaka kizunguzungu kikamwangusha, puu!

"Mbona linanigeukageuka?"

"Halikugeuka, bwana. Wewe ndiye unayegeuka."

Nguchiro akatoka na mtungi wake. Angekwenda zake, lakini alimwona Twiga na miguu yake iliyojaa tope.

"Ila bwana," akasema, "neno langu ni la vidudu kama mimi. Mkubwa kama wewe angeingia na neno la kutisha, nchi itetemeke!"

Kifaru akavimba. Akaingia kwa kishindo. "NINATISHA!"

Pap! Nguchiro akafunga lango, akatia komeo. "Haya, toka sasa."

"Ahsi... ahsita... ah... ah... HACHUUU!" Majani yakapukutika mtini. "Nifungulie!"

"Sheria, bwana. Kanyaga tope."

Twiga akamsogezea nafasi.

Wacha Kifaru apandwe na hasira! Akainamisha pembe, akatimua mbio. Garagazaa! Lango chini, uzio chini, na yeye chini, kamba za uzio zimemzinga shingoni. Twiga akamruka akaenda nyumbani. Wanyama wote wakaja na mitungi yao, wakachota, na hapakuwa tena na lango la kuulizia mtu neno.

Kwa hiyo, wanangu, anayetunga sheria ya kuwakomoa wenzake, na aijaribu yeye kwanza.