Mpira Uliopenda Chai

Mtu mmoja alikuwa na mikono miwili yenye nguvu, na mpira wake haukuwahi hata siku moja kwenda mbele. Jina lake Ambakisye. Alikuwa mfyekaji katika kiwanja cha gofu kilichozungukwa na mashamba ya chai, kule milimani Rungwe, ambako mvua ikianza haijui kukatika. Kazi yake ilikuwa fyekeo tangu asubuhi, na kazi hiyo aliijua kuliko mtu yeyote pale kiwanjani.

Kila mwaka, baridi inapoingia na chai kupungua, wenye kiwanja waliwaachia wafanyakazi siku moja wacheze wenyewe. Wafyekaji, wapishi, madereva wa malori ya chai, wote walicheza wawili wawili kwa mpira mmoja: huyu anapiga, mwenzake anaufuata na kupiga tena, hivyo hivyo kwa zamu mpaka uingie shimoni. Waliomaliza kwa mapigo machache zaidi walipewa beberu.

Ambakisye aliupenda mchezo huo kwa moyo wake wote, na mchezo haukumpenda hata kidogo. Mpira wake ulianza vizuri, ukapaa, ukafikiri kidogo, kisha ukakata kona kuelekea kulia na kutumbukia kwenye chai. Mwaka huu hivyo, mwaka ujao hivyo. Wachuma chai walishazoea. Wakiuokota kati ya vichaka waliutupia kapuni juu ya majani, na jioni mmoja wao, Subilaga, mwanamke asiyejua kunyamaza, alimletea mwenyewe na kumshukuru kwamba chai ya upande ule imestawi kwa sababu yake. Watu walibaki hawana mbavu. Ambakisye naye alicheka pamoja nao, kisha akaenda zake nyumbani akiwa ameumia.

Na kama wengi wetu, alimjua mkosaji, na mkosaji hakuwa yeye. Kwanza alikuwa upepo. Siku upepo ulipotulia, ikawa fimbo ya kupigia, akaazima nyingine. Ile nyingine nayo ikapeleka mpira kwenye chai. Mwisho akajitungia dawa: kwa kuwa mpira unakwenda kulia, akaugeuza mwili wake kushoto. Mpira ukakata kona kubwa zaidi. Akazidi kugeuka kushoto, nao ukazidi kwenda kulia, na jamani, kama siku za mchezo zingekuwa nyingi, mtu yule angeishia kuipa bendera ya shimo mgongo.

Sasa, alikuwako mfyekaji mwenzake aliyeitwa Gwamaka. Walianza kazi wiki ile ile. Miaka kumi na tisa nyuma, asubuhi ya mvua, wawili hawa walikuwa wakifyeka bega kwa bega, Gwamaka akiwa upande wa kushoto. Mpini ulikuwa umelowa. Fyekeo likamponyoka Ambakisye, likaruka na kumkata Gwamaka mguu mpaka mfupa. Miezi minne Gwamaka alitembelea mkongojo. Ambakisye ndiye aliyeuchonga, wa mti wa kahawa, na kila Jumapili alimpelekea ndizi, akaketi kando ya kitanda, akamshika mkono.

Mguu ukapona. Likabaki kovu, na kuchechemea kidogo siku za baridi. Gwamaka alimsamehe siku ile ile, damu haijakauka, na kwa miaka mingi hakulikumbuka tena jambo lile ila mtu amuulize. Lakini Ambakisye, tangu siku ile, hakushika kitu chenye mpini bila kukibana mpaka mishipa ikamtoka. Na kila mwaka Gwamaka alipomwomba wacheze pamoja, alipata sababu. Mwaka mmoja tumbo, mwaka mwingine mgeni, mwaka mwingine shemeji yake kafiwa. Shemeji yule, kwa hesabu ya Ambakisye, alikuwa amemaliza ukoo mzima.

Mwaka ninaousema, Gwamaka alikuwa anastaafu. Mchezo ukiisha, angehamia Kyela kwenye shamba lake la kakao. Wiki tatu kabla ya siku yenyewe alimjia Ambakisye akamwambia kwamba mwaka huu hataki kusikia habari za tumbo wala za shemeji. Watacheza pamoja, au yeye hatacheza kabisa. Ambakisye akakubali, na tangu saa hiyo chakula hakikumshuka. Beberu hakuwa shida yake. Aliogopa kumharibia tena mtu yule yule, mbele ya watu wale wale, na safari hii asibakiwe na Jumapili za kumpelekea ndizi.

Wakaanza mazoezi kila siku baada ya kazi. Siku ya kwanza Gwamaka alimwacha apige mipira kumi, na kumi yote ikaenda kwenye chai. Lakini hakuitazama. Alitazama mikono, halafu akatazama miguu. Akamuuliza kwa nini anaurudisha nyuma mguu wa kushoto kila anapotaka kupiga. Ambakisye akasema hajui, hajawahi kuuona ukirudi.

Siku ya pili Gwamaka alikuja na ule mkongojo. Miaka yote alikuwa ameuweka nyuma ya mlango. Akaulaza kwenye majani, ncha yake ikielekea kwenye bendera, akamwambia mwenzake asimame kando yake, vidole vya miguu yote miwili viuguse. Ambakisye aliutambua mara moja, maana alama za kisu chake zilikuwa bado zinaonekana. Mguu wa kulia ukaenda. Wa kushoto ukagoma. Akajaribu mara ya pili, akajaribu mara ya tatu, na kila mara ukarudi nyuma shubiri moja, mpaka jasho likamtiririka. Hapo ndipo alipojiona. Miaka kumi na tisa, kila alipoinua kitu mikononi, alikuwa akimwachia nafasi mtu aliyesimama kushoto kwake, na kukaza vidole ili kisiponyoke. Na kushoto kwake hapakuwa na mtu.

Gwamaka akamwambia, “Mguu wangu ulipona zamani, ndugu yangu. Uliyebaki mgonjwa ni wewe.”

Ambakisye akakaa chini pale pale, mtu mzima mwenye wajukuu, akalia kwa sauti. Gwamaka akakaa naye, hakumnyamazisha. Alipomaliza, wakasimama, na Gwamaka akamwonyesha namna ya kushika: mkono wa kushoto juu, wa kulia chini yake, vidole vikutane bila kugombana. Akamwambia ashike kama alivyokuwa akimshika mkono zile Jumapili za kitandani, maana siku zile hakumwachia, wala hakumuumiza.

Msidhani mambo yalinyooka siku hiyo. Mikono ilipolegea, mpira ulikataa hata kuruka, ukabingirika hatua ishirini na kulala. Mguu ukikaa mahali pake, kiuno kilijiona kigeni. Mara mbili Gwamaka alipogeuka pembeni, Ambakisye aliurudia mshiko wake wa zamani, akapiga, na mpira ukaenda zake kwenye chai, naye akaona raha fulani. Mnaijua raha hiyo, ndugu zangu. Kitu cha zamani kinakuumiza, lakini angalau unakifahamu. Hata hivyo kesho yake aliulaza tena mkongojo kwenye majani na kusimama. Wiki ya pili, katika mipira kumi, mmoja ulikwenda sawa. Wiki ya tatu ilikwenda minne.

Siku ikafika. Wakacheza, wakakosea huku, wakapatia kule, na walipofika shimo la mwisho walikuwa sawa na madereva wawili wa malori. Zamu ya kupiga mpira wa kwanza ikamwangukia Ambakisye. Watu wote wamekusanyika. Upande wa kulia, kwenye chai, Subilaga na wenzake walikuwa wameshajipanga na makapu yao, wanamsubiri mgeni wao wa kila mwaka.

Ambakisye akasimama mbele ya mpira, na mikono yake ikaanza kukaza. Alijua inakaza, na hakuweza kuizuia. Mguu wa kushoto ukaanza kurudi. Akaona wazi kwamba ataondoka pale kama alivyoondoka miaka yote, na kwamba mwenzake ataondoka kwenda Kyela na aibu hiyo ikiwa zawadi ya mwisho. Gwamaka akaliona hilo. Akachechemea mpaka upande wa kushoto, nje kidogo ya njia ya mpira, akasimama pale ambapo fimbo ikiponyoka itamfikia. Akakunja mikono, akatazama bendera, kama mtu anayesubiri lori la chai. Watu wakaguna. Msimamizi wa mchezo akamwita atoke. Hakutoka.

Ambakisye akamtazama. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa palikuwa na mtu kweli pale kushoto, na mtu huyo hakuogopa. Basi akaupeleka mguu mbele, shubiri ile moja, mpaka mahali pake. Akavilegeza vidole, kimoja kimoja. Akapiga.

Mpira ukapaa. Ukafikiri kidogo, kama kawaida yake. Watu wakageuza shingo kulia kwa mazoea, na haukuwa kulia. Ulikuwa mbele, unashuka taratibu katikati ya njia, ukadunda, ukatulia ukiielekea bendera. Haukwenda mbali sana. Ulikwenda sawa. Subilaga akatua kapu lake chini akapiga vigelegele mpaka wachuma chai wa kilima cha pili wakaitikia bila kujua wanaitikia nini. Ambakisye alicheka. Hakucheka kicheko kile cha kuwafuata watu. Alicheka mpaka akashika magoti, na fimbo ikamtoka mkononi ikaanguka majanini, naye hakushtuka.

Beberu hawakumpata, niseme ukweli. Pigo la mwisho, la karibu kabisa na shimo, lilikuwa la Gwamaka, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi, akalikosa shimo kwa upana wa kiganja. Madereva wakashinda. Wakamchinja beberu pale pale, na hakuna aliyeondoka bila nyama. Gwamaka alicheza ngoma kwa mguu ule ule, vibaya kuliko wote. Kuni zilipopungua, Ambakisye akamwomba ule mkongojo wa mti wa kahawa. Gwamaka akampa. Ambakisye akautia motoni kwa mkono wake mwenyewe, nao ukawaka vizuri, na nyama ikaiva.

Subilaga peke yake ndiye aliyelalamika. Alisema chai ya upande wa kulia sasa itakosa mbolea.

Basi wewe unayeulaumu upepo kila mwaka, na kuazima fimbo za watu, na kujigeuza kushoto ili mambo yako yasiende kulia: huyo unayemwachia nafasi hapo kando, hujaona kwamba keshapona zamani, na anakungoja mcheze?