Kigoda cha Mwanjaa

Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Anayetafuna ameze kwanza, maana hii haina utamu.

Hapo kale, kale sana, palikuwa na mji uliotawaliwa na wanawake. Mtawala alikuwa Mwanjaa. Akikaa juu ya kigoda akasema, limepita. Basi Mwanjaa akajifungua binti, Semeni. Na mzazi, mnajua, hukaa ndani siku arobaini. Nani akalie kigoda? Fisi akajitokeza, mpole huyo! "Mama, nitakutunzia tu."

Arobaini ikaisha. Mwanjaa akatoka.

"Fisi, inuka."

"Mama, mtoto ananyonya. Akilia barazani, utaamuaje kesi? Ngoja akue."

Mwanjaa akangoja. Semeni akakua, akaenda yeye.

"Fisi, inuka."

"Mwanangu, wewe kigori. Olewa, uzae, ndipo utawale."

Semeni akaolewa, akamzaa Siwema, akaingia arobaini. Alipotoka akaambiwa nini? Mtoto ananyonya! Akangoja naye.

Siwema alipokua, Mwanjaa alikuwa kikongwe, na kigoda bado anakiota. Siku moja mjukuu akamwambia, "Bibi, mimi siolewi, sizai. Kigoda nakitaka leo." Wee! Bibi alifurahi hata fimbo akaisahau. Akamshika mkono wakaenda.

"Fisi, inuka!" akasema Siwema.

Fisi akamgeukia bibi. "Mama, wewe ulingoja. Binti yako akangoja. Huyu hata uchungu wa uzazi haujui, ndiye akae? Sema wewe mwenyewe. Ukisema akae, nainuka."

Mwanjaa akamtazama mjukuu wake, mbichi, hajangojea lolote. Wivu ukamkaba. Miaka yote ile!

"Mjukuu wangu," akasema, "kaolewe kwanza. Hata sisi tulingoja."

"Bibi! Hata wewe?"

Wanawake wakamchukua Siwema wakamweka ndani, akaozwa Ijumaa iliyofuata. Mwanjaa akajifungia chumbani akalia mpaka sauti ikamkauka, maana alijua alichofanya. Alikufa hajasema naye tena.

Nimeimwaga, aokote mwenye haja. Fundisho lake ni hili: tabu uliyoipata wewe, usimlazimishe mwanao naye aipate ndipo umwone mtu.

Mnauliza Siwema alizaa? Alizaa, ndiye mama yangu. Nami juzi nilikwenda kwa Fisi, nikaambiwa nitazame tumbo langu hili, nirudi baada ya arobaini.