Mbegu ya Mwisho ya Mwani Mnene

Sogeeni karibu, wenye masikio. Nikishamaliza kusema mimi, mtasema nyinyi.

Mashariki ya Pemba, kijijini Mkoroshoni, wanawake watatu waliishi nyumba moja. Kazija na Time walikuwa wake wenza wa marehemu Hamadi, na Mgeni alikuwa dada yake Hamadi. Alichowaachia Hamadi ni nyumba hiyo na shamba la mwani baharini: kamba zilizofungwa kwenye vigingi, upande wa ndani wa mwamba, maji yanapotulia.

Kazija, miguu yake ilijua maji. Akiingia tu alikwambia wapi pana vuguvugu na wapi mkondo wa baridi unapita. Mgeni alikuwa na macho. Doa ambalo wengine walilipita, yeye alisimama akaliinamia. Time alijua kupiga mbizi. Hamadi ndiye aliyemfundisha, na jambo hilo Kazija hakuwahi kulisahau.

Mwaka huo kaskazi, msimu wa joto, ilikuja bila upepo. Maji yalisimama kama ya kwenye beseni, yakapata moto. Ndipo nyuzi za rangi ya kahawia, laini kama nywele zilizolowa, zikaanza kuufunika mwani. Waliozigusa waliwashwa ngozi hadi ikatoka malengelenge. Mwani mnene, ule wenye bei, ukageuka mweupe na kukatika wenyewe.

Akaja bwana wa idara ya uvuvi, akatia nyuzi zile kwenye chupa.

"Haya si majani," aliwaambia. "Ni bakteria. Wanaishi kwa jua kama mimea. Wakipata joto, maji yaliyotulia na uchafu unaoteremka kutoka vyooni na mashambani, wanazaana. Penye baridi na mkondo hawakai sana."

"Na dawa yake?" Kazija akauliza.

"Dawa sina, mama." Akaondoka na chupa yake.

Kazija akaingia majini kutafuta baridi. Alitembea ndani ya zile nyuzi siku baada ya siku, miguu ikivimba, ngozi ikichubuka, mpaka akakuta uzi mwembamba wa maji baridi, akaufuata hadi kwenye ufa wa mwamba, mahali bahari kuu inapoingilia. Aliporudi hakuweza kuvaa viatu, na vidonda vile havikupona tena vizuri.

Mgeni akakaa na lundo la mwani uliooza, akatafuta vipande vilivyo hai. Kipande kimoja kichafu kingeambukiza vyote, kwa hiyo alivileta karibu na uso, akavigeuza, akavipangusa. Maji yenye zile nyuzi yalimrukia machoni. Alipomaliza alikuwa na fungu dogo la mbegu safi, na jicho la kushoto lilikuwa limeingia ukungu.

Time akazama na fungu lile la mbegu. Ufa ulikuwa na kina, na mkondo ulimvuta kwenye mawe. Alifunga kamba chini kule, akapanda, akavuta pumzi, akazama tena. Siku ya mwisho alitoka na damu sikioni. Tangu hapo ukitaka kusema naye humwendea mbele, akuone mdomo.

Mbegu ikakua. Kwa muda mfupi nyumba ile ilicheka. Kazija alimpikia mke mwenzake uji kwa mkono wake, jambo lililokuwa halijapata kutokea.

Kisha ikaja kaskazi nyingine, kali kuliko ya kwanza. Siku moja Kazija alitia mguu kwenye ufa, akautoa haraka.

"Vipi, wifi?" Mgeni akauliza.

"Pamepata moto hapa pia."

Waliwahi kuokoa kikapu kimoja tu cha mbegu.

Habari zikafika kijiji cha pili, ambako wanawake walilima kwenye maji ya kina kirefu. Kiongozi wao, Bi Mwatima, akaja na boti.

"Shambani kwetu imebaki nafasi ya mtu mmoja," alisema. "Aje na mbegu yake, awe mwenzetu. Wawili siwezi, hata sisi tunabanana. Wala sitawadanganya, maji yetu nayo yanapanda joto. Labda miaka michache."

"Tugawane mbegu," Mgeni akasema.

"Mtakayobaki nayo mtaipanda wapi?" Bi Mwatima akauliza.

"Aliyepaona mahali pa kuipanda ni mimi," Kazija akawaambia wenzake taratibu. "Bila miguu yangu mngepanda kwenye moto."

"Mngepanda uozo," Mgeni akasema, "kama si macho yangu."

Time alikuwa akiwatazama midomo. "Mngebaki mmeishika mkononi," akasema. "Aliyeshuka chini ni mimi."

Kazija alikuwa ameshika kikapu. Alitaka awe yeye wa kupanda boti, akaona haya kwa kulitaka hilo. Akamtazama wifi yake, asiyeona vizuri; akamtazama mke mwenzake, asiyesikia. Wote walikuwa wametoa kilichokuwa chao, na hakikurudi. Nyuma yao vigingi vya Hamadi vilisimama vitupu, na nyuzi za kahawia zimevizunguka.

"Amueni," Bi Mwatima akasema. "Mwani haukai juani."

Kazija akakitua kikapu baina yao. Hakuna aliyekigusa. Mwani ulikuwa umeanza kukauka pembeni.

Basi nyinyi mlionisikiliza, mmoja apande boti, na wawili warudi nyumbani. Mngempandisha nani? Na wale wawili mngewaambia nini?