Aliyeitoa Upepo Bunduki ya Mama Akyoo

Hadithi yangu iko njiani, ipisheni mlangoni ipate pa kukaa. Na atakayejibu kabla sijauliza, nitaanza upya mpaka achoke.

Kule Usa River, nje kidogo ya Arusha, Mama Akyoo aling'oa mibuni yake iliyokauka, shamba akaligeuza uwanja wa bunduki za rangi. Mnaujua mchezo huo? Watu wazima na akili zao wanavaa miwani, wanajibanza nyuma ya matairi mabovu, wanatwangana vidonge vya rangi mpaka wanafanana na vitenge. Wenyewe wanaita starehe. Mimi simo.

Mama Akyoo alikuwa na vibarua watatu, na kila mmoja alikuja na kipaji chake. Nakijwa, binti wa Kipare, alikuwa fundi cherehani, vidole vyake vikigusa chuma vinajua kimelegea wapi. Kiondo, Msambaa wa Lushoto, alikuwa ameendesha mashine ya kusaga miaka mingi, na kwa sikio tu alijua mahindi yatakwama kabla hayajakwama. Elisaria alikuwa fundi pancha. Alibonyeza tairi kwa dole gumba akakuambia upepo uliomo, na hakukosea.

Huyo Elisaria ndiye tutakayeandamana naye, maana roho yake ndiyo iliyokuwa ikiungua. Barabara ilipopanuliwa, banda lake la pancha lilivunjwa, na fundi asiye na banda ni sawa na mtu aliyesimama kwenye harusi ya wengine.

Siku moja Mama Akyoo akawaita, akaweka bunduki kuukuu mezani.

"Jumamosi asubuhi wanakuja wageni kutoka Moshi na bunduki yao mpya," alisema. "Wananicheka eti yangu inapiga kama bibi anayekohoa. Iongezeni kasi. Tutashindana nani anamaliza kopo la vidonge kwanza. Tukishinda, yule aliyeifanya ishinde nampa ufunguo wa karakana. Atakuwa fundi wangu wa kudumu. Ila karakana ni moja, jamani, na ufunguo ni mmoja."

Elisaria aliutazama ule ufunguo, akaona banda lake limefufuka.

Nakijwa alianza na triga. Aliivuta, akaguna. "Hii inasafiri mbali mno kabla haijafyatua. Ni kama sindano iliyopandishwa juu kupita kiasi." Akaikaza skrubu hii, akailegeza ile, akajaribu, akarudia, mpaka triga ikawa ya kugusa tu. Mama Akyoo akaigusa, ikafyatua, akaruka nusura aanguke. "Mwanangu, mikono yako ibarikiwe!"

Elisaria alilisikia hilo "mwanangu". Yeye ndiye aliyeing'oa ile mibuni kwa jembe na panga, na mpaka leo aliitwa "wewe Elisaria".

Kisha ikawa zamu ya Kiondo. Triga ilikuwa nyepesi, lakini vidonge vilichelewa kushuka, bunduki ikawa inapiga hewa tupu. Kiondo akatega sikio kwenye kopo linalokaa juu ya bunduki. "Njaa," akasema. "Mashine inasaga kadiri unavyoilisha." Akakifungua kile kipangaboi kinachosukuma vidonge, akakikatia mabawa mapana kutoka kwenye ndala iliyochakaa, akatia betri mpya. Walipoijaribu mchana ule, bunduki ililia trrrrr bila kupumua. Mama Akyoo alicheka mpaka akashika kiuno. Kiondo akaletewa chai ya maziwa kwenye kikombe cha wageni.

Elisaria alipewa kazi ya upepo unaoendesha bunduki. Akaijaza chupa yake ya upepo, akabonyeza, akasikiliza, akasema, "Upepo upo, umejaa." Basi. Nani atausifu upepo? Hata hauonekani. Mama Akyoo alisema "haya", akarudi kumtazama Kiondo.

Wivu ni kidonda, wahenga hawakukosea. Jioni ile ugali Elisaria hakuumaliza. Nakijwa alipocheka, alihisi anachekwa yeye. Kiondo alipopiga mluzi, alitamani ule mluzi umkwame kooni. "Watu wamekuja juzi," alijisemea, "leo wanagawana karakana yangu."

Sasa niambieni, fundi pancha akitaka kumkomoa mtu hufanya nini? Si anamtoa upepo? Ndiyo silaha anayoijua. Jumamosi asubuhi, wenzake wakipanga viti, Elisaria alichukua bisibisi akaingia karakana. Katika bunduki ile mna skrubu inayoamua upepo uligonge komeo kwa nguvu gani, na komeo ndilo linalosukuma kidonge kitoke. Akaizungusha kushoto. Upepo ukashuka.

"Kohoa," aliiambia bunduki. "Kohoa mbele ya wageni, wajue bila upepo hakuna cha Nakijwa wala Kiondo."

Asubuhi ile ilikuwa ya mwezi wa saba, na ukungu wa Mlima Meru ulikuwa umewashukia mpaka watu wanaongea moshi. Shuka mbili za kulengwa zikatundikwa. Makopo yakajazwa. "Haya!" akapaza sauti Mama Akyoo.

Bunduki ya Moshi ilianza kwa kishindo, trrr, halafu pwaa! Rangi ikamwagika ndani kwa ndani. Wakafuta, wakaanza tena. Pwaa! Ya Mama Akyoo ikaenda trrrrr, laini, haikohoi, haisiti, mpaka kopo likawa tupu. Vigelegele vikapasua ukungu. Elisaria alisimama mdomo wazi na bisibisi mfukoni.

Fundi wa Moshi alikuwa muungwana. Aliomba kuiona ile bunduki, akaikagua kimyakimya.

"Triga safi. Bila triga hii msingetuwahi. Kopo safi. Bila kopo hili triga ingefyatua hewa. Lakini nani aliyepunguza upepo? Baridi kama hii inafanya vidonge viwe kama maganda ya mayai. Kwa upepo wetu komeo limevipasua vyote. Na vyenu vingepasuka vilevile. Huyo aliyepunguza yuko wapi nimpe mkono?"

Nakijwa akamtazama Kiondo. Kiondo akatikisa kichwa.

"Mimi," alisema Elisaria. Sifa ilikuwa imemkosa muda mrefu mno, hakuweza kuiacha ipite.

Nakijwa akamkumbatia. "Kaka! Nasi tulidhani umenuna, kumbe ulikuwa unatuwazia mema!"

Lo! Wema ule ulimchoma kuliko tusi. Elisaria akamsukuma. "Sikuwawazia mema! Nilitaka iwakwamie. Nilitaka muaibike kama ninavyoaibika mimi kila siku mezani kwenu!"

Wageni waliinamisha vichwa.

Nakijwa akamgeukia Mama Akyoo. "Mama, mimi ndiye niliyeiamsha. Wote wamefuata kazi yangu."

"Uliiamsha na njaa," alisema Kiondo. "Mimi ndiye niliyeilisha. Na huyu? Mtu akikutilia sumu, sumu ikageuka dawa, utamwita mganga?"

Elisaria alikuwa analia, lakini hakurudi nyuma. "Mmesema atakayeifanya ishinde. Hamkusema atakayeipenda. Na ningeweza kunyamaza, mkaniita fundi hodari. Ukweli nimeusema mimi mwenyewe."

Mama Akyoo akautoa ufunguo mfukoni. Akamtazama Nakijwa, akamtazama Kiondo, akamtazama Elisaria, na mkono wake ukabaki hewani.

Msiniangalie mimi, jamani, kazi yangu imeishia hapa. Ufunguo uko mkononi mwenu. Mngempa nani? Na wewe utakayemnyima Elisaria, unamnyima kwa alichokitenda, au kwa alichokitaka?